Oktoba ya Mashine Mbili

Alhamisi ya tarehe 15 Oktoba 1998, Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alizindua njia mpya ya treni za chini ya ardhi jijini Paris. Ilikuwa fupi, yenye vituo 7 tu, kutoka Madeleine hadi maktaba ya taifa iliyopewa jina la François Mitterrand. Waliopanda behewa la mbele waliona handaki likiwajia kupitia kioo kipana, pale ambapo kwenye treni nyingine pana chumba cha dereva. Njia ya 14 haikuwa na chumba hicho. Kuondoka, kuongeza mwendo, kusimama sawasawa mbele ya milango ya jukwaani, kutunza umbali na treni iliyotangulia: yote yalikuwa mikononi mwa kompyuta.

Siku 9 baadaye, roketi ya Delta II iliondoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba chombo cha anga kiitwacho Deep Space 1. Kilitumwa na maabara ya JPL ya Pasadena, California, kujaribu teknolojia 12 ambazo hakuna aliyethubutu kuziweka kwenye safari ya gharama kubwa kabla hazijaonekana zikifanya kazi angani. Iliyosifiwa zaidi ni injini yake ya ayoni, inayosukuma kwa gesi ya zenoni. Lakini miongoni mwa zile 12 kulikuwa na moja isiyoonekana kwa macho: programu ambayo, kwa siku chache, ingekabidhiwa chombo kizima ikiendeshe yenyewe, bila watu wa Duniani kukituma hatua kwa hatua.

Mashine mbili zisizo na dereva, katika mwezi mmoja. Katika zote mbili wahandisi walikuwa wamekataa kutosheka na majaribio peke yake, wakaita hisabati iwe shahidi. Huko Paris hisabati ilipewa kila kipande cha programu kinachogusa uhai wa abiria. Huko California ilipewa kipande kimoja, na kipande cha jirani kikaachwa. Yaliyofuata katika sehemu hizi mbili ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, kwa sababu sijui nyingine inayoonyesha wazi zaidi uthibitisho unaweza kufanya nini, na unaishia wapi.

Wazo lenyewe lina umri unaokaribia wa kompyuta. Mnamo Juni 1949, kwenye mkutano huko Cambridge, Alan Turing alisoma makala fupi kuhusu namna ya kuhakikisha kwamba programu kubwa ni sahihi. Alipendekeza kuweka madai kwenye hatua mbalimbali za programu, kisha kuyathibitisha moja baada ya jingine, kama mwanahisabati anavyojenga hoja. Makala ile haikupata wafuasi. Robert Floyd aliifikia njia kama hiyo mwaka 1967, na mwaka 1969 Tony Hoare wa Uingereza akaipa umbo ambalo wanafunzi wanalisoma hadi leo: ikiwa sharti fulani ni kweli kabla ya amri kutekelezwa, basi sharti jingine litakuwa kweli baada yake. Unganisha amri na amri, na mwishoni una uthibitisho wa programu nzima. Wakati huohuo Edsger Dijkstra, Mholanzi, alikuwa akiwakumbusha wenzake kwamba jaribio linaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini haliwezi kuonyesha kuwa makosa yamekwisha.

Kwa muda mrefu hayo yalibaki mambo ya darasani. Miongoni mwa waliotangulia kuyatoa nje walikuwa watu wa reli.

Njia ya RER A hupita chini ya Paris kutoka mashariki hadi magharibi, na ilikuwa imeelemewa na abiria. Treni zilifuatana kila baada ya dakika 2 na nusu. Kuzisogeza hadi dakika 2 kungeliepusha jiji na gharama ya kuchimba njia nyingine, lakini treni zilizosogeleana hivyo haziwezi kulindwa na taa za reli na macho ya dereva peke yake. Shirika la usafiri la Paris, RATP, likaagiza mfumo ulioitwa SACEM: kompyuta iliyo ndani ya treni, inayojua mwendo unaoruhusiwa na yenye mamlaka ya kufunga breki dereva akiuzidi. Ulianza kazi mwaka 1989. Programu yake ilikuwa na mistari kama 21,000, na zaidi ya nusu yake ilihesabiwa kuwa ya usalama, yaani kosa moja ndani yake lingeweza kuua.

RATP haikutaka kuambiwa kwamba programu imejaribiwa vya kutosha. Ilitaka ithibitishwe. Kazi hiyo ikafanywa kwa kanuni za Hoare, lakini ilifanywa baada ya programu kuandikwa, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Wathibitishaji walipochambua programu walipata fomula ndefu zinazoeleza inafanya nini. Wahandisi wa reli waliopaswa kusema kama hicho ndicho walichokitaka walishindwa kuzisoma. Hisabati ilikuwa sahihi, ila haikuwa ikizungumza na mtu yeyote.

Aliyeitwa kusaidia ni Jean-Raymond Abrial, mtu aliyekuwa ameshiriki kuianzisha lugha ya kihisabati ya Z alipokuwa Oxford na ambaye wakati ule alikuwa akijenga njia yake mpya aliyoiita B. Jibu la Abrial lilikuwa kuigeuza kazi kichwa chini. Usiandike programu kisha uitafutie uthibitisho. Anza na maelezo mafupi ya kihisabati ya jambo ambalo lazima liwe kweli daima, kwa mfano kwamba treni mbili hazitakuwa kamwe kwenye kipande kimoja cha reli. Kisha ongeza maelezo kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka ufike kwenye kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza. Kila hatua inazaa madai ya kuthibitisha: kwamba kilichoongezwa hakikuvunja kilichoahidiwa. Programu na uthibitisho wake vinakua pamoja, na mhandisi wa reli anaweza kuusoma ule mwanzo.

Kampuni ya Matra Transport, iliyopewa kazi ya mfumo wa kujiendesha wa njia ya 14, ilifuata njia hiyo kwa sehemu zote za usalama. Hesabu zake ni za kutafakari. Maelezo katika lugha ya B yalifika mistari 115,000. Yalizaa madai 27,800 ya kuthibitishwa. Mengi yalithibitishwa na kompyuta yenyewe, lakini 2,254 yaliigomea, na wahandisi wakaketi nayo moja moja, wakiiongoza mashine kwa mkono hadi kila dai likubali. Mwishoni, zana za kutafsiri zilitoa mistari 86,000 ya lugha ya programu ya Ada. Kawaida mistari kama hiyo hujaribiwa kipande kwa kipande, na kazi hiyo hula miezi mingi. Safari hii waliiacha kabisa. Majaribio ya mfumo mzima yalibaki, kwenye maabara na kwenye reli, na katika majaribio hayo hakuna kosa hata moja lililoonekana kwenye sehemu iliyothibitishwa. Wahusika walipoandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1999, njia ikiwa imeshabeba abiria kwa miezi, walikuwa bado hawajalipata.

Ninaloliheshimu zaidi katika kazi ya Paris ni jinsi walivyojua mwisho wa uthibitisho wao. Hisabati ya B ilizungumza juu ya programu tu, na kompyuta ni kitu cha madini na umeme: kumbukumbu inaweza kuharibika, tarakimu moja ikageuka katikati ya hesabu. Kwa hiyo kila thamani ya usalama ilibebwa pamoja na alama ya siri ya kihisabati, na alama isipolingana treni husimama. Hata usahihi wa yale maelezo ya mwanzo haukuachiwa mashine. Watu waliyasoma na kuyahoji upya. Mpaka ulichorwa, na kila kilichokuwa nje yake kikapewa mlinzi mwingine. Baadaye RATP iliiondolea dereva njia ya 1, iliyo ya zamani kuliko zote jijini, kazi iliyokamilika mwaka 2012, kisha njia ya 4.

Sasa California.

Chombo kilicho mbali angani hakiwezi kuendeshwa kama gari. Ujumbe wa redio huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine saa, na jambo baya likitokea, amri ya kulizuia hufika limeshapita. Desturi ilikuwa watu wa Duniani kuandika orodha ndefu ya amri zenye saa zake, kuipeleka juu, na kuomba kila kitu kiende kama kilivyopangwa. Kikitokea kisichotarajiwa, chombo hujifungia katika hali ya tahadhari, huelekeza antena nyumbani na kungoja.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha NASA cha Ames, kaskazini mwa California, walishirikiana na JPL kutafuta njia nyingine. Waliiita Remote Agent. Ilikuwa na sehemu tatu. Mpangaji, kazi iliyoongozwa na Nicola Muscettola, alipokea malengo ya jumla na kutoa ratiba. Mtekelezaji aliifuata ratiba hiyo na kugawa amri kwa vifaa. Sehemu ya tatu, Livingstone, iliyobuniwa na Brian Williams na Pandu Nayak, ililinganisha yanayotokea na yale yanayopaswa kutokea, ikatambua kifaa kilichoharibika na kupendekeza njia ya kukizunguka. Mwanzoni Remote Agent ilikusudiwa kukiendesha chombo safari yote. Mwaka 1997, ratiba ilipobana, viongozi waliishusha ikawa jaribio la siku chache, na kazi ya kila siku ikapewa programu iliyotokana na ile ya chombo cha Mars Pathfinder.

Ugumu wake mkubwa ulikuwa kwa mtekelezaji. Ndani yake kazi nyingi zilikwenda sambamba: moja inasubiri injini ipate joto, nyingine inageuza chombo, ya tatu inachunguza hifadhidata inayoeleza hali ya vifaa vyote. Kazi zinazokwenda sambamba huchanganyika kwa mpangilio ambao hakuna mtu anayeuchagua. Chukua kazi mbili tu, kila moja ina hatua 10: hatua zao zinaweza kufuatana kwa njia 184,756. Ongeza kazi ya tatu ya hatua 10, na njia zinapita trilioni 5. Mjaribu programu anaona chache kati ya hizo, na kwa kawaida anaona zilezile kila siku, kwa kuwa kompyuta ileile katika chumba kilekile huelekea kurudia mwendo wake.

Dijkstra alikuwa ameanza kulichambua tatizo hilo mwaka 1965. Mwaka 1977 Amir Pnueli wa Tel Aviv alionyesha kwamba mantiki ya wakati, yenye maneno kama “daima” na “hatimaye”, inafaa kueleza mwenendo wa programu za namna hii. Kisha wakaja Edmund Clarke na Allen Emerson nchini Marekani mwaka 1981, na Jean-Pierre Queille na Joseph Sifakis kule Grenoble mwaka 1982, kila upande bila kuutegemea mwingine, wakiwa na wazo jasiri: badala ya mtu kutunga hoja, kompyuta ipitie kila hali ambayo mfumo unaweza kuifikia, bila kuruka hata moja. Ikikuta hali mbaya, inatoa njia kamili iliyoifikisha huko, hatua kwa hatua. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo.

Zana iliyoifanya njia hiyo ishikike mkononi ilitoka kwenye simu. Katika maabara za Bell, New Jersey, Mholanzi Gerard Holzmann alikuwa akiandika programu za kukagua mazungumzo kati ya mitambo ya simu tangu mwaka 1980. Zilizaa SPIN, ambayo tangu 1991 ilitolewa bure kwa yeyote aliyeitaka. Unaueleza mfumo wako kwa lugha yake ndogo, unasema jambo ambalo halipaswi kutokea kamwe, na SPIN inalitafuta.

Mwaka 1997 Klaus Havelund, mtaalamu kutoka Denmark, pamoja na Michael Lowry na John Penix wa Ames, walimchukua mtekelezaji wa Remote Agent wakampeleka kwa SPIN. Hawakumchukua mzima. Programu iliandikwa kwa Lisp, lugha yenye uhuru mwingi, na hakuna zana iliyoweza kuimeza kama ilivyo. Kwa muda wa wiki kadhaa walisoma kiini cha mtekelezaji, yaani utaratibu wa kazi kufunga na kufungua vifaa ili mbili zisigombanie kimoja, wakaandika upya kwa mkono kile walichoona ni cha maana na kuacha mengine. Walipata makosa 5. Manne yalikuwa ya aina ileile ya hatari: kazi mbili zinapishana kwa mpangilio adimu, na kitu kinaharibika. Mwandishi mkuu wa sehemu hiyo alikiri kwamba haamini makosa hayo yangepatikana kwa njia nyingine, na kwamba moja lilifichua dosari kubwa katika usanifu wenyewe. Yalirekebishwa.

Wakati huohuo Mars ilikuwa ikitoa somo lake. Pathfinder ilitua tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi muhimu ilikuwa ikisubiri kufuli lililoshikwa na kazi duni, nayo kazi duni ilizuiwa kuendelea na kazi za daraja la kati. Dalili zilikuwa zimeonekana kabla ya chombo kuruka, zikapotea, zikaachwa. Wahandisi walitibu tatizo kwa kubadilisha mpangilio mmoja kutoka Duniani.

Lazima nilieleze vizuri kosa moja kati ya yale ya 1997, kwa sababu ndilo lililorudi. Kazi moja huangalia hifadhidata: je, kuna mabadiliko? Kama hakuna, inalala, ikitegemea kuamshwa na ishara mabadiliko yakitokea. Tuseme mwenye nyumba anachungulia barazani kuona kama mgeni amefika. Hayupo. Anageuka kurudi chumbani akajilaze, akitegemea hodi imwamshe. Mgeni anafika na kubisha katika ule muda mfupi kati ya kuchungulia na kujilaza, wakati mwenye nyumba bado hajaanza kusikiliza. Hodi haipigwi mara ya pili. Mmoja amelala akingoja hodi iliyokwisha kupigwa. Mwingine amesimama nje akingoja kufunguliwa. Ndani ya kompyuta muda huo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, na unaweza kuendesha programu kwa miezi bila ishara yoyote kuangukia hapo. Dawa yake ni fupi: kuangalia na kulala vifungwe pamoja viwe tendo moja lisilogawanyika, asiingie mtu katikati.

Tarehe 17 Mei 1999 Remote Agent ilikabidhiwa Deep Space 1. Haikuwa imewahi kutokea programu ya akili bandia kushika usukani wa chombo cha anga. Ilipanga, ikatekeleza, ikawasha injini ya ayoni. Waongozaji walikuwa wameandaa hitilafu za kuigiza: swichi ya kamera isiyokubali kuzima, kifaa kisichoitikia, vali ya roketi ndogo iliyokwama. Ilipokutana na kamera, ilijaribu tena na tena kuizima, ikakubali kwamba haizimiki, ikapanga upya kazi zake. Watu walioijenga kwa miaka waliiona ikifanya uamuzi ambao hakuna aliyeiamuru.

Asubuhi ya tarehe 18 injini ilipaswa kuzimwa. Haikuzimwa. Chombo hakikuwa hatarini, na Remote Agent haikuwa imekufa, maana sehemu zake nyingine zilikuwa bado zinaonyesha uhai. Ilikuwa imesimama tu. Kwa bahati njema Lisp inamruhusu mtu kuiuliza programu inayokwenda hali yake ya ndani, na wahandisi wakafanya hivyo kuvuka mamilioni ya kilomita, swali moja kwenda, jibu moja kurudi baada ya dakika nyingi. Walichokikuta ni kazi mbili za mtekelezaji, kila moja ikimsubiri mwenzake. Ishara ilikuwa imefika kati ya kuangalia na kulala.

Kosa hilo halikuwa limejitokeza katika majaribio yote ya ardhini.

Kilichowashtua watu wa Ames ni kwamba walilifahamu. Miaka 2 kabla walikuwa wamelipata, wamelieleza kwa maandishi na kuliona likirekebishwa. Lakini lile la 1997 lilikuwa kwenye kiini cha mtekelezaji. Hili lilikuwa kwenye sehemu nyingine, ambayo hawakuipeleka kwa SPIN. Erann Gat, aliyebuni lugha ya ESL ambayo mtekelezaji aliandikwa kwayo, alieleza baadaye jinsi lilivyoingia. ESL ilikusudiwa kumzuia mwandishi asiweze hata kulifanya kosa la namna hiyo. Mmoja wa waandishi alihitaji kitu, akaita moja kwa moja amri ya Lisp iliyo chini ya ESL, na kwa kufanya hivyo akaupita uzio bila kujua kuwa ameupita. Sioni uzembe hapo. Ni jambo ambalo mtu mwenye ujuzi hulifanya siku yoyote ya kazi, na ndiyo maana hasa linahitaji mashine ya kulikagua.

Kikundi cha uhakiki cha Ames kilifanya jambo ambalo naliona la heshima kuliko kujitetea. Waliamua kujipima: je, tungelipata, kama tungeombwa? Waligawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ulisoma programu na kuchagua sehemu zenye kutia shaka, mistari kama 700. Upande wa pili ulipewa mistari hiyo bila kuambiwa kosa ni lipi, ukaiandika upya kwa lugha ya Java kwa ufupi, na kuipitisha kwenye zana yao mpya, Java PathFinder, iliyoitafsiri Java kwenda kwa SPIN. Zana ikatoa mkwamo uleule uliotokea angani, pamoja na njia ya kuufikia, hatua kwa hatua. Kazi yote ilikuwa ya siku chache.

Kwa hiyo jibu lilikuwa ndiyo, na liliuma. Hisabati ingeweza kulipata, zana ilikuwepo na watu wanaoijua walikuwepo, katika kituo kilekile. Hakuna aliyewapelekea mistari ile.

Waongozaji wa safari walifanya hesabu yao. Kupeleka marekebisho ya haraka kungeweza kuleta kosa jipya, na mpangilio ule adimu haukuelekea kurudi ndani ya saa chache. Wakatunga jaribio fupi na kuliendesha Ijumaa ya tarehe 21 Mei bila kubadilisha programu. Liliisha salama, na malengo yote ya jaribio yakahesabiwa kuwa yametimia. Mwaka huohuo Remote Agent ilishiriki tuzo ya NASA ya programu bora ya mwaka.

Ames ikachukua njia yake. Willem Visser, kutoka Afrika Kusini, aliongoza ujenzi mpya wa Java PathFinder ili isihitaji tena mtu kuandika mfano kwa mkono. Ikaendesha programu yenyewe na kujaribu mipishano yake yote. Hilo lililenga moja kwa moja kidonda cha 1997, kwamba uandishi wa mfano ulikuwa ghali mno kiasi cha kulazimisha kuchagua kipande na kuacha kingine. Mwaka 2005 NASA iliitoa zana hiyo bure kwa umma.

JPL nayo ilimwajiri Holzmann mwaka 2003, aanzishe maabara ya programu za kuaminika. Hakukaa mwaka kabla ya kazi kumfikia. Gari la utafiti la Spirit lilitua Mars mapema Januari 2004, na kabla mwezi haujaisha likanyamaza: faili zilikuwa zimejaa mno kwenye kumbukumbu yake, na kompyuta ilijiwasha upya zaidi ya mara 60 kabla haijaokolewa. Holzmann na mwenzake Rajeev Joshi waliwatolea watafiti wa dunia nzima changamoto: jengeni mfumo wa faili wa kumbukumbu ya namna hiyo, uliothibitishwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Gari kubwa lililofuata, Curiosity, lilitua Agosti 2012 likiwa na programu ya mistari karibu milioni 3 ya lugha ya C, na ndani yake kazi zaidi ya 100 zikienda sambamba. Kuipitisha yote kwenye SPIN hakukuwezekana. Sehemu chache nyeti, pamoja na zinazotunza data kwenye kumbukumbu, zilipitishwa. Nyingine zote ziliwekewa kanuni za uandishi, na utiifu wake ukakaguliwa na kompyuta mara kwa mara wakati wote wa kazi, bila kungoja mtu aone shaka. Kanuni hizo za JPL ziliandikwa mwaka 2009. Kadhaa kati yake zinahusu kazi zinazokwenda sambamba: ziwasiliane kwa ujumbe, kila data inayoshirikiwa iwe na mmiliki mmoja anayejulikana kwa wakati mmoja, matumizi ya kufuli yabanwe, na hakuna kazi inayoruhusiwa kulala kwa muda fulani ikitumaini kwamba mwenzake atakuwa amemaliza.